Kelele za abiria zina uzito gani kwa wenye ndege?

MKAZI wa Kitengela hahitaji kukata tiketi ndipo ajue habari za ndege. Akitoka nje jioni kuanua nguo huziona zikiteremka upande wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, magurudumu yakiwa tayari nje, zikielekea uwanja wa Jomo Kenyatta. Mfugaji wa Olooitikosh, kule bara la Kajiado, naye huziona zile ndogo za watu binafsi na za wanafunzi wa urubani zikizunguka juu ya ng'ombe wake, hata mifugo imezizoea na haishtuki tena.

Na palipo na ndege hapakosi maneno ya ndege. Ndani ya matatu za barabara ya Namanga, katika vibanda vya chai karibu na viwanda vya EPZ, na nje ya kanisa baada ya ibada, watu hubishana kutwa. Ndege ya aina gani ni salama? Shirika lipi hupoteza mizigo ya wateja? Nani anataka kukabidhiwa uwanja wetu, na kwa bei gani? Binti wa fulani aliyekuwa akienda kufanya kazi Uarabuni alilala sakafuni siku ngapi kabla ya kupata safari?

Zamani mazungumzo hayo yaliishia palepale yalipoanzia. Siku hizi kila mwenye simu ana kamera na barua mkononi, na neno lililosemwa Isinya hufika Mombasa kabla matatu haijafika Athi River.

Swali ninalotaka tulijadili leo, msomaji mpenzi, ni hili: je, maneno hayo yana uzito wowote kwa wale wanaomiliki ndege, wanaozitengeneza na wanaosimamia viwanja? Au ni zile kelele za chura ambazo, kama wasemavyo wahenga, hazimzuii ng'ombe kunywa maji?

Si swali la kupitisha wakati. Kuna familia nyingi mjini Kitengela zilizochanga pesa kwa miezi ili mtoto mmoja apande ndege kwenda masomoni au kazini. Nyingine zimewahi kusubiri mtu uwanjani ambaye hakufika kamwe. Kwa watu kama hao, kujua kama sauti yao inasikika ni jambo la maana kubwa.

Giza lililomwondoa mkubwa

Tuanze na tukio ambalo wengi wanalikumbuka. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima. Katika uwanja wa Jomo Kenyatta jenereta iliyotarajiwa kushika zamu haikuwaka katika baadhi ya majengo. Abiria walikaa gizani kwa saa kadhaa, wakimulika pasipoti zao kwa tochi za simu. Simu hizo hizo ndizo zilizopiga picha, na kabla ya alfajiri dunia nzima ilikuwa imeona lango kuu la Kenya likiwa jeusi kama tanuri la makaa.

Aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wakati huo, Bw Kipchumba Murkomen, aliomba radhi hadharani. Muda si mrefu mkurugenzi wa KAA, halmashauri inayosimamia viwanja vya ndege nchini, Bw Alex Gitari, akaondolewa kazini. Ukiangalia hapo unaweza kusema kwamba kelele zilifanya kazi, tena upesi.

Lakini ngoja kwanza. Mnamo Desemba 10 mwaka uo huo umeme ulipotea tena nchini, na uwanja huo ukaguswa tena na giza. Mkubwa alikuwa amebadilishwa, lakini shida ya jenereta ilikuwa palepale.

Hilo ndilo funzo la kwanza. Kelele za siku moja aghalabu hubadilisha mtu aliyeketi kitini, kwa sababu kumwondoa mtu ni jambo la saa moja. Kubadilisha mtambo kunataka bajeti, zabuni, mafundi na mtu wa kufuatilia mwezi baada ya mwezi. Abiria akishafika nyumbani na kuoga, huwa hana haja tena ya kuuliza iwapo jenereta ilinunuliwa.

Linganisha na yaliyotokea Marekani mnamo Aprili 9, 2017. Katika uwanja wa O'Hare mjini Chicago, daktari mmoja aliyekuwa na umri wa miaka 69, David Dao, aliburutwa kutoka kitini mwake ndani ya ndege ya shirika la United kwa sababu kampuni ilitaka nafasi za wafanyakazi wake. Abiria wenzake walipiga video. Kabla ya mwezi huo kwisha United ilikuwa imetangaza kwamba haitamwondoa kwa nguvu mtu aliyekwisha kuketi, na kwamba abiria atakayekubali kwa hiari kuacha nafasi yake anaweza kulipwa hadi dola 10,000.

Kwa nini kule sheria za kampuni zilibadilika upesi hivyo? Kwa sababu abiria wa Chicago akikasirika ana mashirika mengine ya kuchagua, na kampuni yajua hivyo. Mkenya anayesafiri kutoka Nairobi kwenda ng'ambo hana uwanja wa pili wa kuchagua mjini humo. Apende asipende, atapitia Jomo Kenyatta. Hasira ya mteja asiye na pa kwenda huwa nyepesi sana mizanini.

Uwanja uliotaka kukodishwa mara mbili

Hata hivyo, si kila mara kelele za watu zimekuwa nyepesi. Uwanja wa Jomo Kenyatta wenyewe ni ushahidi, maana umewahi kuponea chupuchupu kupewa wengine zaidi ya mara moja.

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka wa 1958 ukijulikana kama Embakasi, na sehemu ya kazi ngumu ya kuujenga ilifanywa na mahabusu wa Mau Mau. Jengo kubwa la abiria lilifunguliwa mwaka wa 1978. Tangu siku hizo hadi leo una njia moja tu ya kurukia ndege. Ya pili imewahi kuahidiwa, na wamewahi kutokea watu wanaotaka funguo za uwanja.

Mara ya kwanza ilikuwa Kenya Airways. Kampuni hii ilizaliwa mwaka wa 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, ikauzwa kwa sehemu kwa KLM ya Uholanzi mwaka wa 1996, na miaka ya baadaye ikazama katika madeni. Wakubwa wake wakapendekeza kampuni ipewe uwanja wa Jomo Kenyatta iusimamie kwa miaka 30, ili mapato ya uwanja yaisaidie kusimama. Wafanyakazi wa viwanja vya ndege wakapinga. Mnamo Machi 6, 2019 chama chao kiligoma, polisi wakarusha vitoa machozi, na abiria wakakwama. Mwaka huo huo kamati ya Bunge ililichunguza pendekezo hilo na kulikataa.

Mara ya pili ilikuwa mwaka wa 2024, na hii ndiyo iliyozua kizaazaa kikubwa zaidi. Mnamo Machi kampuni ya Adani kutoka India iliwasilisha pendekezo kwa KAA. Ilitaka kuuendesha uwanja kwa miaka 30, ijenge jengo jipya la abiria na njia ya pili ya kurukia, kwa gharama ya takriban dola bilioni 1.85. Umma haukuambiwa. Wananchi walijua mwezi wa Julai, wakati mwanafunzi Mkenya aliyekuwa akisomea biashara Ufaransa, Nelson Amenya, alipozianika karatasi za mpango huo hadharani kupitia mtandao.

Tazama tofauti iliyopo hapa. Amenya hakuanza kwa kupiga kelele wala kutukana mtu. Alionyesha karatasi. Mtu aliyekuwa ndani ya matatu ya Kitengela aliweza kusoma mwenyewe ni miaka mingapi, ni pesa ngapi na nani anapata nini. Ubishi ukatoka kwenye uvumi ukawa ubishi wa vifungu na tarakimu. Wafanyakazi wa uwanja, ambao wengi wao hulala mitaa ya Kitengela, Mlolongo na Syokimau kwa sababu kodi za nyumba huko ni nafuu kidogo, wakajiuliza kazi zao zitakuwaje mwajiri akibadilika.

Serikali ilijibu kwamba uwanja hauuzwi, na kwamba majengo yamechakaa na hazina haina pesa za kuyajenga upya. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Video za paa likivuja wakati wa mvua zilikuwa zimepigwa na abiria wenyewe. Kelele za abiria, msomaji mpenzi, ni panga lenye makali pande mbili: malalamiko yako kuhusu paa yanaweza kugeuzwa sababu ya kukabidhi nyumba nzima kwa mwingine.

Kilichofuata kilipita katika milango inayojulikana kisheria. Chama cha Mawakili na Tume ya Haki za Kibinadamu isiyo ya serikali, KHRC, walikwenda Mahakama Kuu, na mnamo Septemba 9 mahakama ikausimamisha mpango kwa muda. Septemba 11 wafanyakazi waligoma na safari zikavurugika, mpaka mapatano yalipopatikana siku hiyo hiyo. Kisha mnamo Novemba 20 waendesha mashtaka wa Marekani wakatangaza mashtaka ya hongo dhidi ya mwenye kampuni, Bw Gautam Adani, kuhusu mambo ya India, mashtaka ambayo kampuni yake iliyakanusha. Siku iliyofuata Rais William Ruto, akilihutubia Bunge, alitangaza kwamba mpango wa uwanja umefutwa, na wabunge wakashangilia.

Sasa wapo wanaosema kwamba si Wakenya waliouzuia mpango huo, ni Wamarekani. Mimi nawaomba wahesabu miezi. Tangu Machi hadi Novemba ni miezi minane. Kama karatasi zisingetolewa Julai, kama mahakama isingesema Septemba, kuna uwezekano mkubwa kwamba mashtaka ya New York yangekuta mkataba umekwisha kutiwa sahihi na matingatinga yako kazini. Kuvunja mkataba uliotiwa sahihi si sawa na kuacha kuutia sahihi. Kelele za wananchi hazikuufuta mpango kwa nguvu zake peke yake, bali ziliuchelewesha hadi ukweli mwingine ukafika. Katika mambo ya serikali na makampuni makubwa, kuchelewesha ni ushindi ambao watu wengi hawauhesabu.

Sauti zilizosikika zikiwa zimechelewa

Kisa kinachofuata ni kizito, lakini hatuwezi kuzungumzia sauti za abiria tukakiruka.

Mnamo Oktoba 29, 2018 ndege ya shirika la Lion Air, aina ya Boeing 737 MAX 8, ilianguka baharini nchini Indonesia na kuua watu wote 189 waliokuwamo. Baada ya ajali hiyo ndipo marubani wengi duniani walipojua kwamba ndege hiyo ilikuwa na mfumo wa kompyuta uitwao MCAS, wenye uwezo wa kuinamisha pua ya ndege bila rubani kuamuru. Haukuwa umeelezwa katika vitabu vyao vya mafunzo. Mwezi wa Novemba marubani wa American Airlines walikutana na maofisa wa Boeing na kulalamika kwa maneno makali kwamba walifichwa.

Hawa hawakuwa wapiga domo wa vibanda vya chai. Walikuwa watu wa kazi yenyewe, wanaoketi mbele na kushika usukani. Hata hivyo ndege hizo ziliendelea kuruka.

Asubuhi ya Jumapili, Machi 10, 2019, siku nne tu baada ya ule mgomo wa Jomo Kenyatta, ndege ya Ethiopian Airlines namba 302 ilipaa kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ilikuwa ya aina ile ile. Ilianguka karibu na Bishoftu baada ya dakika sita, na watu wote 157 waliokuwamo wakafa. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Jamaa waliokuwa wakisubiri uwanjani Nairobi walisimama mbele ya ubao wa safari wakitazama jina la ndege ambayo haingetua.

China ilizisimamisha ndege hizo siku ya pili, nchi za Ulaya zikafuata, na Marekani yenyewe ikafanya hivyo mnamo Machi 13. Zilikaa chini nchini Marekani kwa miezi 20.

Katika miezi hiyo familia za waliokufa hazikurudi nyumbani kunyamaza. Mkenya mmoja, Paul Njoroge, alikuwa amepoteza mkewe, watoto wake watatu na mama mkwe katika ndege hiyo. Mnamo Julai 17, 2019 aliketi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na kutoa ushahidi. Familia nyingine kutoka Kanada, Ufaransa, Marekani na kwingineko zilifanya vivyo hivyo, zikibeba picha za wapendwa wao. Mnamo Desemba 2020 Marekani ilipitisha sheria mpya ya ukaguzi wa ndege. Inawalazimu watengenezaji kufichua habari za mifumo inayogusa usalama, na inakaza usimamizi wa serikali juu ya wafanyakazi wa kampuni wanaokagua ndege za kampuni yao wenyewe.

Je, hapo sauti ilisikika? Ilisikika, tena sheria ilibadilika. Lakini tazama bei yake. Marubani walilalamika Novemba, ndege zikazuiwa Machi, na katikati yake kuna makaburi 157. Tena Boeing ilipokubali kulipa dola bilioni 2.5 mnamo Januari 2021 ili kuepuka kesi ya jinai, sehemu kubwa kabisa, dola bilioni 1.77, ilitengewa mashirika ya ndege yaliyopata hasara. Familia za waliokufa katika ajali zote mbili zilitengewa dola milioni 500.

Funzo la kisa hiki linauma. Wenye ndege husikia upesi sauti ya mteja mkubwa anayenunua ndege mia, husikia polepole sauti ya rubani, na sauti ya abiria huisikia mwisho. Ndiyo maana abiria hana budi kutafuta mahali ambapo sauti yake itaandikwa, iwe ni mahakama, Bunge au ofisi ya mdhibiti, kwa maana mahali hapo neno la mtu mmoja halipotei hewani.

Macho ya wakazi wa Kajiado

Watu wa Kajiado wana sababu yao nyingine ya kujali mambo haya. Anga yao haina utulivu.

Jumapili ya Juni 10, 2012 helikopta ya polisi ilianguka katika eneo la Kibiku, Ngong, na kuwaua watu sita. Miongoni mwao walikuwa aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani na mbunge wa Kajiado Kaskazini, Profesa George Saitoti, na naibu wake, Bw Joshua Orwa Ojode. Tume iliyoongozwa na Jaji Kalpana Rawal iliundwa kuchunguza, nayo ikasikiza mashahidi.

Mnamo Machi 5, 2024 ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya shirika la Safarilink, iliyokuwa ikielekea Diani na watu 44, iligongana na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 juu ya Mbuga ya Nairobi, jirani kabisa na Kitengela. Ile kubwa ilirejea Wilson salama. Katika ile ndogo mwalimu na mwanafunzi wake walipoteza maisha.

Katika visa vya namna hii mwananchi wa kawaida huacha kuwa mpiga porojo akawa shahidi. Wachunguzi wa ajali za ndege huanza na vyuma na vinasa sauti, lakini ndege ndogo nyingi hazina vinasa hivyo. Hapo huuliza watu: ulisikia mlio wa namna gani? Ndege ilitoka upande gani? Moshi ulionekana kabla ya kuanguka au baada? Ilikuwa saa ngapi? Mchungaji aliyesimama nyikani bila kelele za magari anaweza kuwa na jibu ambalo hakuna mtambo uliolinasa.

Kwa hiyo, ikitokea umeona ajali, kwanza saidia walio hai na uite polisi. Pili, usiokote kipande chochote, hata kikiwa kidogo kama kijiko, kwani mahali kilipoangukia ni sehemu ya ushahidi. Tatu, kama umepiga video, usiifute, na usiitume kwa kila mtu ikiwa na miili ya watu. Mpe mchunguzi. Mama wa yule mwanafunzi wa urubani hastahili kupata habari za mwanawe kupitia simu ya jirani.

Hapa ndipo niwaguse wenzangu wenye vidole vyepesi. Uvumi wa ndege kuanguka huenea kila mara, na mara nyingi huwa ni picha ya zamani iliyobandikwa tarehe mpya. Unayeituma unacheka au unashtuka kidogo, kisha unaendelea na kazi. Lakini kuna mzee Isinya ambaye mtoto wake yuko angani saa hiyo, na moyo wake unakaribia kusimama. Tena kila uvumi unaotoka uongo huwapa wakubwa kisingizio cha kuupuuza ukweli utakapokuja.

Jamaa ifanye nini?

Nimesema kwamba kelele peke yake hazitoshi. Basi tuje kwenye mambo ya nyumbani, mathalani begi la binti yako ambalo halikufika.

Watu wengi hulalamika kwa jirani, kwa mhudumu wa pale kaunta na kwa umma wote, kisha huchoka. Hawajui kwamba upo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, na unahusu safari za kimataifa. Mkataba huo umeweka siku. Mzigo ukiharibika, andika malalamiko kwa shirika katika muda wa siku 7 tangu kuupokea. Ukichelewa, una siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Ukipita siku 21 bila kufika, una haki ya kuuhesabu kuwa umepotea. Kesi mahakamani ni lazima ifunguliwe kabla ya miaka 2 kwisha. Ukizembea siku hizo, hata uwe na haki kama mlima, mlango umefungwa.

Kiwango cha juu cha fidia ya mzigo kimepangwa kwa kipimo cha Shirika la Fedha Duniani kiitwacho SDR. Tangu Desemba 28, 2024 kiwango hicho ni SDR 1,519 kwa abiria mmoja, yaani takriban dola 2,000, ambazo kwa pesa zetu zinapita Sh250,000. Hicho ni kikomo na si zawadi. Utalipwa kulingana na hasara unayoweza kuithibitisha. Ndiyo sababu ni busara kupiga picha vitu kabla ya kufunga begi, kuweka risiti, na kutotupa kile kikaratasi cha nambari kinachobandikwa kwenye tiketi unapokabidhi mzigo. Fedha, dawa, vyeti na simu zisiingie katika begi la chini kamwe.

Usiondoke uwanjani kabla ya kujaza fomu ya shirika ya kuripoti mzigo na kupewa nakala yenye nambari. Shirika likikupiga chenga, peleka malalamiko yako kwa maandishi kwa KCAA, mamlaka inayosimamia safari za angani nchini. Barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe, nambari ya safari na jina la ofisa aliyekuhudumia ina nguvu kuliko matusi ya kurasa kumi. Ofisi inaweza kuyapuuza matusi, lakini barua iliyopigwa mhuri wa kupokelewa itaulizwa siku moja ilikokwenda.

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, hasa mnaotamani urubani, uhandisi au uongozaji wa ndege, nanyi mna la kujifunza. Sekta hii huokoa maisha kwa kuandika. Rubani huandika hitilafu aliyoiona, fundi huandika alichokirekebisha, na anayefuata husoma kabla ya kuruka. Siku aliye chini atakapoogopa kumwandikia aliye juu, ndipo ajali huanza kunyemelea.

Basi, kelele za chura humzuia ng'ombe kunywa maji? Chura mmoja hawezi, na hata wakiwa mia, ng'ombe atakunywa. Lakini wafugaji wa Kajiado wanajua kwamba ng'ombe yule yule, akielekezwa kwenye maji yenye harufu mbaya, husimama akanusa. Anayemwokoa ni yule mchungaji anayemsimamisha hapo, akachota maji kwa mkono, akayaonja na kuwaambia wenziwe walichomo. Nelson Amenya na Paul Njoroge walifanya kazi hiyo ya mchungaji, kila mmoja kwa njia yake. Nawe ukijaza ile fomu ya mzigo badala ya kurudi nyumbani ukinung'unika, umeifanya kwa kiasi chako.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.